Baba Hakurudi Kundini

Traksuti ya baba bado inanuka dawa ya kuchua. Niliitoa kabatini juzi tulipokuwa tunagawa nguo zake, na kabla sijaikunjua harufu ikanifikia, ile kali ya kuwasha macho, na nyuma yake harufu ya mkaa wa pasi. Mfukoni mlikuwa na filimbi. Shangazi akaniambia niiweke kwenye fungu la nguo kuukuu. Nikamwambia hii haiendi kwenye fungu lolote, hii ni yangu, na anayeona vibaya aone tu. Hakuna aliyebisha. Walishanichoka tangu siku ya mazishi.

Siku ya mazishi niligombana na baba mdogo. Yeye ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu pale kanisani kwetu Tunduma, mbele ya watu waliojaa mpaka nje kwenye maturubai. Alianza vizuri: amezaliwa Isansa, amekuwa mhasibu wa kampuni ya kutoa mizigo mpakani, mzee wa kanisa, mpenda michezo, mume na baba mwema. Kisha akasoma: "Katikati ya safari yake ya imani marehemu aliteleza, lakini kwa neema ya Mungu alitubu na kurudi kundini." Watu wakaitikia amina. Mimi nimekaa mstari wa mbele na khanga yangu ya msiba, namngoja amalize.

Jioni watu wakiwa wanakula nikamvuta pembeni, karibu na masufuria.

"Baba mdogo, ile habari ya kurudi kundini umeitoa wapi?"

"Tumaini mwanangu, marehemu hasemwi vibaya."

"Ndiyo umemsema vibaya sasa."

"Ulitaka nisemeje? Kwamba kanisa lilimtenga, halafu ninyamaze hapohapo?"

"Ndiyo. Ungesema walimtenga. Na sababu ungeitaja."

Akanitazama kwa huruma, ile ya kumtazama mfiwa aliyechanganyikiwa, akaniambia nikale.

Sijachanganyikiwa. Nilikuwepo. Nilikuwa darasa la sita, nina macho na masikio, na ninyi wa rika langu mliokulia pale mpakani mtanielewa. Mnakumbuka malori yalivyokuwa yanapanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, vumbi, baridi ya Juni, na wasichana wanapita katikati ya matairi na ndoo za mahindi ya kuchemsha vichwani. Humo ndimo mambo yalimoanzia.

Lakini kwanza mjue baba alikuwa mtu wa namna gani. Jumamosi jioni alipiga pasi nguo za kanisani za nyumba nzima, yeye mwenyewe, kwa pasi ya mkaa, wala hakutaka Mama amsaidie. Redio iko dirishani inatangaza mpira, yeye anaimba nyimbo za kanisani kwa besi, na timu yake ikikaribia goli anakatisha ubeti, pasi iko hewani, mpaka mpira utoke ndipo anamalizia ubeti wake kwa utulivu kabisa. Wanaume wa jirani walimcheka. "Mhasibu, umeoa au umeolewa?" Aliwajibu kuwa ameoa, ndiyo maana ana nguo nyingi za kunyoosha.

Kazini walimwita msumbufu. Unamletea karatasi ya mzigo asaini, yeye anavaa kofia, anatoka kwenda kuuangalia mzigo wenyewe juu ya lori, mvua inyeshe isinyeshe. Madereva walilalamika, mabosi wakalalamika, hakubadilika. Nyumbani alituambia kwamba mtu wa hesabu akiweka sahihi anakuwa ameapa kuwa ameona kwa macho yake, kwa hiyo yeye mahali ambapo hajapaona sahihi yake haifiki. Tulidhani anaongea habari za kazi tu.

Siku moja alikuwa amesimama kwenye foleni ya malori na karatasi zake. Dereva mmoja alimtupia chupa tupu ya plastiki Neema, binti wa jirani yetu aliyekuwa anauza mahindi, kwa dharau tu, kumfukuza dirishani. Neema akaituliza ile chupa kifuani, ndoo iko kichwani vilevile, akaishusha gotini, akamrudishia dereva kwa mguu wa kushoto, ikaingia dirishani. Baba alisahau mzigo aliokwenda kuukagua. Usiku ule mezani alimwambia Mama, "Leo nimeona mguu." Mama akauliza mguu wa nani. Baba akaeleza, na Mama hakufurahi.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa timu ya wasichana: wauza mahindi, wauza karanga, wauza ndizi, na mimi. Bukta alizitafuta kwenye mitumba, akazipiga pasi pia. Mazoezi yalianza kwa sala, na asiyekwenda ibadani hachezi. Waislamu waliokuwemo aliwauliza habari za msikitini kwa ukali uleule. Aliyekosea uwanjani hakumfokea mbele ya wenzake. Alimwita pale penye bendera ya kona, akaongea naye taratibu, wakarudi. Mimi nilikuwa beki wa pembeni na nilikuwa mbovu, niseme ukweli, hivyo hakunipanga. Nikamlilia, "Baba, mimi si mwanao?" Akasema, "Ndiyo maana nakwambia ukweli." Nilinuna wiki nzima na bado hakunipanga.

Wasichana wale waliuza kila siku isipokuwa Jumapili, maana Jumapili malori yalikuwa hayasogei na biashara ililala. Kwa hiyo Jumapili asubuhi sisi Wakristo tulikuwa ibadani, na alasiri sote tunavuka kwa miguu kwenda Nakonde kucheza na wasichana wa kule. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye kicheko cha kusikika uwanja mzima. "Mulishani, kochi," anamsalimia baba kwa Kibemba, na mechi ikiisha anampa kifurushi cha dagaa wakavu atuletee nyumbani.

Sasa Jumapili moja baba hakwenda kukaa mbele pamoja na wazee wa kanisa. Alikaa benchi la mwisho, mlangoni. Meza ya Bwana ilipoandaliwa hakuinuka. Sisi watoto hatukuambiwa kitu, yalikuwa mambo ya wakubwa.

Kanisani kwetu wakati ule wanaume walikaa upande wao na wanawake upande wao, na lile benchi la mlangoni, upande wa wanaume, lilikuwa la waliotengwa. Ukitaka kutoka pale unakwenda mbele, unapiga magoti, mzee anasoma kosa lako kanisa zima linasikia, unasema "nimekosa", na mchungaji anakushika mkono anakuinua. Huko ndiko kurudi kundini. Nilishaona watu wakirudi, na nilipenda, maana kwaya siku hizo inaimba vizuri sana. Na wanaume niliowajua mimi waliokaa lile benchi, wote, walikuwa wameongeza mke wa pili.

Basi nikapiga hesabu zangu. Mpira haukunijia kichwani hata kidogo. Mpira kwetu ulikuwa sawa na ugali, nani atatengwa kwa kula ugali? Baba ana mke mwingine. Yuko wapi? Nakonde, si ndiko anakokwenda kila Jumapili. Ni nani? Nani mwingine anayempa dagaa. Nikaanza kumkagua yule mwalimu wa watu, kimo chake, kofia yake, anavyocheka, nikamwona ameshatuharibia nyumba. Dagaa zake nikazisusa. Mama akafikiri nina minyoo, akaninywesha dawa chungu, nami nikainywa huku nikimwonea huruma kwamba hajui yanayompata.

Kumbe Mama alijua yote isipokuwa hilo langu. Baraza la wazee lilikuwa limemwita baba kwa kuvunja Siku ya Bwana na kuwavalisha mabinti bukta. Walimtaka atubu mbele ya waumini na aiache timu. Baba aliwaambia, "Nionyesheni kosa, nitalitubu leo hii. Nisiloliona siwezi kuliwekea sahihi." Wakamtenga. Na Mama, mwanakwaya, mtu wa kuogopa kusemwa, alikuwa anamsihi kila siku: "Piga magoti yaishe. Goti litauma kidogo, litapoa." Baba anamjibu kwamba goti angepiga hata sasa, ila maneno ya kusema akiwa amepiga goti ndiyo hana.

Kilichobana mambo ni kipaimara changu. Mwalimu wa darasa la kipaimara alitueleza kuwa siku hiyo kila mtoto atapiga magoti madhabahuni, baba na mama watasimama nyuma yake na kumshika mabega, kisha mchungaji atamwekea mikono. Akaongeza bila kunitazama kwamba mzazi aliyetengwa hapiti mbele. Wenzangu wote walinitazama kwa niaba yake.

Jumamosi ya wiki moja kabla ya siku hiyo baba alikuwa anapiga pasi gauni langu jeupe. Nilimsogelea, nikamuuliza kwa adabu zote, "Baba, mama wa Nakonde naye atakuja kwenye kipaimara changu?"

"Mama yupi wa Nakonde?"

"Mke wako mwingine."

Baba aliinua macho. Alinitazama tu, mkono uko kwenye pasi na pasi iko kwenye gauni, mpaka tukasikia harufu. Mtu ambaye sikuwahi kumwona akiunguza hata leso. Alipoinua pasi, kwenye bega la kulia palikuwa na alama ya kahawia.

"Nani amekwambia nina mke mwingine?"

"Si unakaa pale mlangoni. Wanaokaa pale wote wana wake wawili."

Akakaa chini. Redio ilitangaza goli, hakuisikia. Akanieleza polepole kwamba hana mke mwingine, hajawahi kuwa naye, na kwamba ametengwa kwa sababu ya timu.

"Timu yetu? Huu mpira wetu?"

"Huuhuu."

Nikacheka, nilidhani ananitania. Yeye hakucheka. Nilikuwa nimemwona baba akisimangwa na madereva na kuchekwa na majirani, na siku zote alirudisha jibu. Siku hiyo aliinuka akazima redio, mpira haujaisha. Jioni nikamsikia akimwambia Mama, "Mtoto wangu wa kumzaa anajua nakaa pale kwa ajili ya mwanamke. Mwite Mzee Nzunda. Nitapiga magoti." Mama alimshukuru Mungu kwa sauti.

Mzee Nzunda alikuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa na rafiki wa baba wa siku nyingi. Alikuwa mtu mwema, sitamsingizia. Alikuja siku ya pili yake jioni, Mama akaweka chai na viazi vitamu, mimi niko mlangoni nachambua maharage na kusikiliza. Mzee akapanga maneno yatakavyokuwa: nimevunja Siku ya Bwana, nimewaongoza mabinti kwenye aibu, naiacha timu tangu leo. Baba aliinamisha kichwa. Kisha akasema, "Sawa."

Yangeishia hapo. Lakini Mzee Nzunda mzigo ulikuwa umemshuka, akawa mwepesi, akaanza kuongea ya ziada. "Na kwani wale ni watu wa kukupotezea heshima, ndugu yangu? Wauza mahindi kwa madereva. Mwisho wao si tunaujua."

Mama alikuwa amesimama na birika. Alilishusha mezani.

"Mwisho wao upi, Mzee?"

"Nasema tu, Mama Tumaini, unajua mambo ya barabarani."

"Nayajua. Mimi nimeuza ndizi barabarani Ihanda tangu nina umri wa huyu hapo mlangoni. Nimewauzia madereva, nimewauzia abiria, mpaka siku naolewa. Mwisho wangu ndio huu uliokumiminia chai."

"Sikukusema wewe, mama yangu."

"Umenisema mimi kabisa."

Kisha akamgeukia baba, na sijawahi kumsikia Mama akiongea naye vile mbele ya mgeni. "Wewe uliyesema sawa, kosa umeliona?"

"Sijaliona."

"Basi usipige magoti."

"Na mtoto?"

Mama akanitazama mimi na maharage yangu. "Mtoto ana masikio. Amesikia."

Mzee Nzunda alimaliza chai yake, kwa sababu kwetu chai uliyokaribishwa huiachi, akasema yeye ametumwa tu, akaondoka. Mama akahangaika na lile gauni kwa ndimu na chumvi na jua, alama haikutoka. Akaniambia, "Basi, utalivaa hivyohivyo, na usiinamishe kichwa."

Jumapili ya kipaimara kanisa lilijaa. Neema na timu nzima, hata Waislamu wetu, walikuwepo upande wa wanawake. Tulipiga magoti mstari mmoja mbele, tumetazama madhabahu, tumekatazwa kugeuka. Wazazi wakaitwa. Nikasikia watu wakija nyuma yetu, wenzangu wakishikwa mabega, mmoja akianza kulia. Mama alikuwa ameketi na kwaya hatua chache tu kutoka nilipokuwa. Nilisikia viatu vyake vya kisigino vikishuka kwenye sakafu ya saruji, nikajinyoosha kumngoja. Lakini vile viatu havikuja. Vilikuwa vinakwenda mbali. Vilipita katikati ya kanisa lote, vikafika mlangoni, vikanyamaza. Mama alikuwa amekwenda kukaa benchi la waliotengwa, upande wa wanaume, na sare yake ya kwaya, ubavuni kwa mumewe.

Minong'ono ikaanza. Halafu nikasikia kandambili, nyingi, zinaelekea kulekule. Sikuhitaji kugeuka. Kandambili zile nilizijua, timu tulikuwa tunazivua pamoja kila siku ukingoni mwa uwanja.

Mchungaji wetu alikuwa mzee wa maneno machache. Alikuja akiwawekea wenzangu mikono mmoja mmoja, akafika kwangu, akasimama. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

"Wazazi wa mtoto huyu wako wapi?"

"Tuko huku, Mchungaji," Mama akajibu kutoka mlangoni. "Wote wawili."

Mzee Nzunda akainuka kumnong'oneza, na mimi nikiwa chini yao nilisikia kila neno. "Mchungaji, hajatubu."

"Najua," mchungaji akasema. Akakohoa, viatu vyake vikasogea nusu hatua. Nilikuwa naona viatu vyake tu, na nilikuwa namwomba Mungu, sikuomba baba apige magoti, niliomba tu mtu aje. Kisha mchungaji akasema, "Njooni."

"Lakini Mchungaji..."

"Njooni wote wawili."

Viatu vya Mama vikaanza kurudi, na safari hii vilikuwa na vingine kando yake, vizito, mguu mmoja ukivuta kidogo kwa goti bovu aliloumia uwanjani ujanani na kulichua kwa dawa kila siku. Vikaja vikaja, vikasimama nyuma yangu. Mkono wa baba ukatua kwenye bega langu la kulia, juu ya ile alama ya pasi, ukaifunika yote, ukinuka dawa ya kuchua. Sikuinamisha kichwa. Mchungaji akaniwekea mikono, na kwaya ikaimba, ingawa haukuwa wimbo wa kurudi kundini, kwa kuwa hapakuwa na aliyepiga magoti zaidi yetu sisi watoto. Siku hiyo baba alipewa mkate wa Meza ya Bwana. Alasiri tulivuka Nakonde kama kawaida, tukafungwa, na mimi sikupangwa.

Jumapili iliyofuata Mzee Nzunda alisimama kwenye matangazo akasema ndugu yetu amerudi kundini. Nafikiri hakuwa na neno lingine la kutumia, wazee walikuwa hawajawahi kupatwa na jambo la namna ile. Baba akanyoosha mkono kutoka alipokaa, kama anavyofanya kwenye mikutano ya kazini kukiwa na takwimu isiyo sahihi.

"Naomba kurekebisha tangazo," akasema. "Sijarudi. Sikuwa nimeondoka. Muda wote huu nilikuwa pale mlangoni, mlikuwa mnapita mnaniona."

Akakaa. Basi, ndiyo hivyo. Hakusema tena habari ile mpaka amekufa, na timu aliiendesha mpaka goti lilipokataa, akaikabidhi kwa Neema. Neema ndiye yule mama mnene aliyelia kuliko ndugu wote kaburini, mkauliza ni nani.

Kwa hiyo baba mdogo asiniambie nikale. Jumapili hii kuna ibada ya shukrani, familia tumepangiwa mstari wa mbele, na wasifu utasomwa tena, na ameniambia hawezi kuubadilisha kwa sababu umeshachapwa. Sawa, ausome. Mimi nitakuwa benchi la mwisho, mlangoni, na traksuti ya baba mabegani na filimbi yake shingoni. Wakitutaka mbele, neno la kutuita wanalijua, lile la mchungaji.

Jana nilimweleza Mama. Siku hizi anatembea kwa mkongojo na masikio yamepungua, nikawa narudia rudia mpaka nikachoka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nichungulie chini ya kitanda, nimtolee vile viatu vyake vya kisigino.